Ukienda ziara ya mafunzo nje ya nchi, fuata bidhaa moja

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana anayesoma shahada ya biashara mwaka wa pili. Alianza kwa "Shikamoo dada", kisha akanieleza kwamba amechaguliwa kwenda ziara ya mafunzo Ulaya na kwamba ukoo mzima umechangishana ili nauli ipatikane. Aliuliza avae nini, abebe fedha kiasi gani na ni sehemu zipi asikose kuzitembelea. Marahaba, mdogo wangu. Vaa koti zito, beba fedha za kukutosha chakula na usafiri, na sasa tuzungumze jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo litakalokulipa: unakwenda kuchunguza biashara ya bidhaa gani?

Mimi nilikwenda Uholanzi nikiwa mwanafunzi kama yeye. Nimekulia Usa River, mkoani Arusha, jirani na vitalu nyumba vya maua ya waridi, na tangu utotoni nilikuwa nikiona malori yenye majokofu yakitoka jioni bila mtu yeyote mtaani kwetu kuweza kuniambia yale maua huishia wapi na huuzwa kwa bei gani. Ratiba ya ziara ilipotolewa na nikaona jina la Aalsmeer, mji wenye mnada wa maua, niliamua kwamba kila nitakapopelekwa nitauliza kuhusu waridi tu. Kabla ya kuondoka nilikwenda shambani, nikamwomba msimamizi anionyeshe kazi ilivyo: maua hukatwa, huingizwa kwenye chumba cha baridi, hupangwa kwa urefu wa shina, sentimita 40, 50 au 60, hufungwa kwenye maboksi, kisha hupakiwa kwenye lori. Maua mengi ya kwetu huvuka mpaka wa Namanga na kupandia ndege Nairobi, ingawa uwanja wa Kilimanjaro uko karibu zaidi, kwa sababu Nairobi ndiko ndege za mizigo ziendazo Ulaya zinakopatikana kwa wingi. Jambo hilo peke yake lilinifunza mengi zaidi kuhusu gharama za usafirishaji kuliko muhula mzima wa darasani.

Aalsmeer iko karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol. Mnada wake unaendeshwa na Royal FloraHolland, ushirika unaomilikiwa na wakulima wenyewe, na jengo lake ni miongoni mwa majengo makubwa zaidi duniani. Wageni hupita juu, kwenye ujia unaoning'inia, na kutoka hapo huona chini misururu ya matoroli ya maua yakivutwa huku na huko na vigari vya umeme. Lazima uamke alfajiri, kwa kuwa kufikia saa nne asubuhi shughuli kubwa huwa imekwisha. Wenzangu wengi walipiga picha, wakachoka, wakaenda kutafuta kahawa. Mimi nilibaki nikitazama saa ya mnada, yaani ubao unaoonyesha bei.

Naomba nieleze saa hiyo kwa kirefu. Katika mnada wa ng'ombe tuliouzoea, bei huanzia chini na hupanda kadiri wanunuzi wanavyoshindana. Kule bei huanzia juu na hushuka kwa kasi, na mnunuzi wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye anayechukua mzigo kwa bei ile ile iliposimama. Kisha anasema anachukua kiasi gani cha fungu lile, na kilichobaki kinarudishwa sokoni hapo hapo. Biashara moja huisha kwa sekunde chache. Ukisubiri kidogo ili upate nafuu, mwenzako ameshachukua. Ukiwahi mno, umelipa zaidi ya wengine. Siku hizi wanunuzi wengi hubonyeza wakiwa kwenye kompyuta zao ofisini, na sehemu kubwa ya mauzo haipiti kwenye saa kabisa, bali hufanywa kwa mikataba ya moja kwa moja kati ya mkulima na mnunuzi.

Niliposikia habari ya mikataba hiyo, nilimfuata mwenyeji wetu nikamuuliza swali nililolibeba kutoka nyumbani: katika bei inayoonekana pale, mkulima wa Afrika hubaki na nini? Alinieleza kwa utaratibu, nami nikaandika. Kwenye bei hiyo hutolewa nauli ya ndege, ambayo hupimwa kwa uzito au kwa nafasi ambayo boksi linachukua, hivyo boksi lililopangwa vibaya husafirisha hewa kwa gharama ya mkulima. Hutolewa malipo ya kupokea mzigo na kuukagua. Hutolewa malipo ya wanaofungua maboksi, kukata mashina upya na kuyatia kwenye ndoo za maji, kwa kuwa maua yetu husafiri yakiwa makavu. Hutolewa malipo ya kukodi ndoo na toroli, kisha ada ya mnada. Ukurasa ule wa daftari ninao hadi leo.

Bandari ya Rotterdam nayo tuliitembelea. Ni kubwa kuliko zote Ulaya, na kwenye eneo lake jipya makontena hubebwa na magari yasiyo na dereva. Ilinivutia, lakini haikuwa na la kunijibu kuhusu waridi langu, nami nikaiacha ipite.

Tuliporudi tuliwasilisha ripoti. Yangu ilihusu gharama za shina moja la waridi kutoka Usa River hadi Aalsmeer. Mmoja wa waliotusikiliza alisema mbele ya wote kwamba nimejifungia kwenye jambo dogo na kwamba kazi hiyo ingewafaa watu wa kilimo. Sifa zilikwenda kwa ripoti iliyojaa picha za majengo. Nyumbani nako shangazi yangu, aliyekuwa amechangia fedha nyingi, aliuliza kama kweli nimesafiri mbali kote huko kwenda kuangalia maua. Maneno hayo yaliniuma, na sitasema kwamba yamekwisha kuniuma. Ila ukurasa ule ule ndio niliouweka mezani nilipoomba kazi kwa wasafirishaji wa maua, ndio ulionipatia kazi, na mwezi uliopita tumetia saini mkataba wetu wa kwanza wa moja kwa moja na mnunuzi wa Ulaya, kwa hesabu nilizozipiga mimi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, chagua bidhaa moja kabla hujafunga begi. Iwe kahawa, korosho, parachichi au ngozi, mradi iwe inatoka mahali unapopajua. Soma sheria zinazoihusu. Tanzania huingiza bidhaa zake Umoja wa Ulaya bila ushuru kwa mpango wa nchi zenye maendeleo duni ulioanza 2001. Kenya haimo katika kundi hilo, na mkataba wake wa biashara na Umoja huo ulipochelewa, maua yake yalitozwa ushuru kuanzia Oktoba hadi Desemba 2014. Soma pia yaliyoipata bidhaa yako siku za taabu: Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalizuia ndege kuruka Ulaya, na maua mengi yakatupwa Kenya kwa kukosa usafiri. Ukiyajua hayo, utakayemuuliza swali atakujibu kama mtu wa biashara, hatakujibu kama mgeni wa kutembezwa.

Usione haya kubaki nyuma wenzako wanapokwenda madukani. Waliokuchangia hawakukutuma picha, na vijana wa taaluma yetu tumezoea mno kurudi na picha tukaziita uzoefu. Uliza nani analipa nini, na lini. Uliza tena kwa mtu mwingine.

Kuhusu viza ya Schengen, ile inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, peleka maombi mapema. Yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Na kabla ya kupanda ndege, nenda kwanza shambani, kiwandani au kwa wakala wa forodha wa bidhaa yako hapa hapa nyumbani, uandike gharama zote za upande wetu, ili ukifika kule uwe unajaza nusu ya pili ya ukurasa.