Kwa vijana wa tathmini: hilo pori mnaloliita tupu

Wadogo zangu mlioanza kazi ya tathmini ya mazingira mwaka huu, wiki iliyopita nimesoma rasimu zenu tatu kuhusu mashamba ya michikichi ya kutengeneza dizeli hapa Lindi. Zote tatu zina sentensi moja: "Eneo ni pori lisilo na matumizi." Nimeziweka mezani nikatoka nje kwanza. Sentensi hiyo naijua vizuri, maana niliwahi kuiandika mwenyewe. Kwa hiyo nisikilizeni, hata kama nitafoka kidogo.

1. Anzeni na mvua, ramani ifuate. Mchikichi ni mti wa Afrika Magharibi. Ili ukupe mafuta ya kutosha unataka mvua zinazokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, tena zisikatike muda mrefu. Kwetu mvua inaanza Novemba au Desemba, na ikifika Mei imeshaaga. Shamba kubwa hapa maana yake ni kumwagilia kiangazi kizima, na maji hayo yana wenyewe. Nendeni Newala mwezi wa tisa muulize dumu moja la maji linapatikanaje, ndipo mrudi kujaza jedwali. Mmoja wenu amechukua mavuno ya Malaysia akayaweka kwenye safu ya Lindi. Mwanangu, futa.

2. Msiandike "halina matumizi" kama hamjakaa na watu wa hapo kiangazi na masika.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya dizeli, ulikuwa umevuma nchi nzima. Kila semina tuliambiwa unaota popote, unavumilia ukame, hauliwi na mtu wala mnyama, kwa hiyo haugombani na chakula. Nilikuwa na umri wenu na niliamini kila neno. Mwekezaji mmoja akaomba maelfu ya hekta za ardhi ya kijiji upande wa barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale, nami nikapangiwa sehemu ya matumizi ya ardhi.

Nilikaa siku mbili. Ulikuwa mwezi wa pili, gari linakwama kila baada ya kilomita, na kijiji kizima kilikuwa mashambani kulinda mazao dhidi ya ngedere na nguruwe. Nikafuata njia ya gari, GPS mkononi, nikapiga pointi zangu. Niliona miyombo, mipingo na vichaka. Sikuona shamba wala nyumba. Jioni, kwa taa ya chemli, nikaandika ile sentensi.

Mwezi wa nane nikarudi kijijini hapohapo kwa kazi ya mipaka. Mama wa nyumba tuliyofikia aliniambia, "Kesho twende ukaone tunakokula." Alfajiri tukaongozana na akina mama kama kumi na bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu. Tukaingia mlemle kwenye pori langu tupu. Bibi akachuchumaa chini ya kichaka, akashika kamba nyembamba ya mmea iliyokauka, akaifuata kwa vidole mpaka inapozama ardhini. Akachimba kwa jembe lililolika mpaka likabaki kama kijiko, halafu akaliweka pembeni akaingiza mkono hadi kiwiko. Ming'oko, vile viazi vya porini, ikatoka mmoja mmoja, myembamba, imejaa udongo. Kichwa cha mmea hakukigusa. Alikirudisha shimoni akafukia, akashindilia kwa kiganja. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama mtoto asiyejua kunawa. "Nisipofukia, mwakani tutachimba nini?"

Tulizunguka mpaka jua likawa kali. Kila hatua ilikuwa na jina lake: hapa wanakata kamba, pale dawa ya tumbo la watoto, kule mizinga ya nyuki, na ile mipingo ndiyo kijiji kilikuwa kikitegemea siku moja kiivune kwa mpango. Miaka ambayo mahindi yaliungua, ming'oko ya pori lile ndiyo ilivusha nyumba zao. Mchana tukaila imechemshwa, tunaimenya kwa vidole, na chai ya rangi.

Ndipo bibi akaniuliza, bila ukali: "Wewe ndiye uliyeandika kwamba hapa hapana mtu?" Kumbe rasimu ilikuwa imesomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sentensi yangu ilisomwa kwa sauti mbele ya watu waliokuwa na udongo wa pori lile kwenye kucha zao.

Na hapo siyo mwisho wa kosa langu. Ripoti ilikuwa bado haijawasilishwa. Nilikuwa na siku kumi na moja. Nilimwambia msimamizi wangu mara moja tu. Akasema tutachelewa, nikanyamaza. Siku kumi na moja nilizitumia kupanga viambatisho. Ardhi ikahamishwa kutoka ya kijiji kuwa ya jumla, yaani chini ya serikali kuu, miti ikaangushwa, mbono ukapandwa, na kwenye udongo duni mbono ukatoa mbegu za kuhesabu. Baada ya miaka michache mwekezaji akaondoka. Ardhi haikuondoka naye, lakini haikurudi kijijini pia, kwa sababu ikishahamishwa hairudi yenyewe. Bibi yule alifariki kabla sijapata ujasiri wa kwenda kumwomba radhi.

3. Ardhi ya kijiji inayoombwa ikizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji unatoa maoni na waziri ndiye anayeamua, kwa hiyo maoni hayo yaandikwe neno kwa neno.

4. Hesabu ya hewa ukaa inaanza na mti unaoukata. Mnaandika "nishati safi" kana kwamba shamba limeshuka kutoka mbinguni. Watafiti waliopiga hesabu mwaka 2008 walikuta kwamba ukifyeka msitu wa tambarare wa Indonesia au Malaysia upande michikichi ya dizeli, utalipa deni la kaboni, yaani hewa ukaa iliyotoka ulipofyeka, kwa miaka 86. Ukikausha ardhi ya mboji ya kinamasi, zaidi ya miaka 400. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliamua dizeli ya mawese iondolewe hatua kwa hatua kwenye malengo yake hadi 2030, huku Indonesia ikipandisha kiwango cha dizeli ya mawese kinachochanganywa kwenye dizeli yake hadi asilimia 40 mwaka 2025. Miyombo yetu ina hesabu yake. Pimeni, msiazime namba za watu.

Na mkumbuke nchi yetu bado inaagiza mafuta ya kula, mengi yakiwa ya mawese. Lita inayoingia kwenye lori lazima itafutiwe mbadala wa kwenye kikaango, na mbadala huo nao unataka ardhi.

5. Maji machafu ya kiwanda cha mawese yakikaa kwenye mabwawa ya wazi hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Yawekeni kwenye hesabu.

6. Pitieni Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga kwa ajili ya mafuta, Kongwa, Urambo na hapo. Wakaanza kujenga reli na bandari ya Mtwara, 1951 wakauacha. Babu yangu mzaa mama alikuwa kibarua wa visiki. Alisema hakuna aliyemuuliza mzee yeyote mvua inakujaje.

Rasimu zenu nimezirudisha. Gari la Liwale linaondoka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Ndio mwezi wa nane, ming'oko imekomaa. Vaeni viatu vya kutembelea, na siku ya kwanza GPS ibaki ofisini.