Kupanga upya Prelude ya Bach kwa ngoma na nanga: tulivyofanya sisi Mwanza

Mkuu, umeuliza utaichukuaje Prelude ya C major, kipande cha kinanda cha mtunzi Mjerumani Bach, uipige kwa mdundo wa huku Kanda ya Ziwa bila kuiua. Kipande hicho nimekipanga kwa ajili ya wanakwaya wenzangu hapa Nyegezi, na nakipenda mno, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Usihangaike kutafuta melodi, haimo. Kipande kinafungua kitabu cha Bach cha mwaka 1722, vipimo (bar) 35 vya sauti zinazogeuka pole pole. Sauti ya juu tunayoiimba kanisani kama Ave Maria ilitungwa na Gounod, Mfaransa, mwaka 1853. Kinachobeba kila kitu ni besi, ile sauti ya chini kabisa. Ilinde hiyo, mengine unaruhusiwa kuyagusa.

Mdundo sasa. Kiandike kwa solfa, yaani d r m f s l t kwa do re mi fa sol la ti. Kipimo cha kwanza ni d m s d m s d m, kisha hayo hayo tena. Nota nane. Kata mbili za mwisho, unabaki na d m s d m s: sita, zinagawanyika tatu-tatu, na ngoma inakaa hapo bila kulazimishwa. Cha pili kinakuwa d r l r f l, cha tatu t r s r f s. Hakuna sauti iliyopotea, maana zile mbili zilikuwa marudio tu. Huu ndio uzuri wa Bach, unapunguza na bado yupo mzima! Vipimo vitatu vya mwisho havifuati mtindo huo, viache kama vilivyo.

Nanga ya Wahaya ina nyuzi chache, haiwezi kukimbizana na mageuzi yote ya sauti. Gitaa ndilo libebe sehemu ya kwanza. Ila kuanzia kipimo cha 24 besi inasimama kwenye sol kwa vipimo vinane, haisogei. Nanga iingie hapo, ishikilie sol, na ngoma kubwa iingie nayo. Kabla ya hapo tumieni kayamba peke yake, tena kwa upole. Mkianza na ngoma zote tangu mwanzo, mtafika kipimo cha 24 hamna cha kuongeza.

Angalizo kama waimbaji wataongeza Ave Maria juu yake: Gounod alitumia nakala yenye kipimo kimoja cha ziada baada ya cha 22. Kwa Bach, besi pale inairuka sol, inapita juu yake, ndipo inarudi kutua. Hiyo nyongeza inaijaza ile nafasi. Kwa hiyo mpiga kinanda akisoma Bach na kwaya ikisoma Gounod, mtaachana hapo hapo. Chagueni nakala moja. Mimi huchagua ya Bach kwa ala tupu, ule mruko unanisisimua kila mara.

Kuhusu haki, Bach na Gounod wako huru, wamefariki zamani. Mpangilio wa kisasa wa mtu mwingine usiunakili bila ruhusa yake.

Kasi Bach hakuiandika. Anzeni na ile ambayo mpiga kayamba anaweza kuishika hadi mwisho bila kukimbia.