Maswali Yenu: Kusomea Uandishi wa Habari Nje

Nimemaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza. Niombeje nafasi Columbia, New York? (Msomaji, Usa River)

Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado linakuja, kwa hiyo leo someni hadi mwisho. Shule ya uandishi wa habari ya Columbia, iliyofunguliwa 1912 kwa fedha za wosia wa Joseph Pulitzer, haichukui waliotoka kidato cha sita. Ni ya uzamili na kuendelea. Anayetaka shahada ya kwanza atazame Chuo Kikuu cha Missouri, ambako tangu 1908 wanafunzi huandikia gazeti halisi, leo likiitwa Columbia Missourian, chini ya wahariri wazoefu. Chuo hicho kiko katika mji uitwao Columbia, na hapo ndipo wengi mnapochanganya. Masharti yako wazi kwenye tovuti zao. Anayetaka kuwa mwandishi na hajasoma masharti ya chuo anachokililia ameanza vibaya.

Chevening, ule ufadhili wa uzamili wa serikali ya Uingereza, wanataka uzoefu wa miaka mingapi? (Njiro)

Miwili, yaani saa 2,800 za kazi. Ukimaliza masomo Uingereza, unarudi nyumbani kwa miaka miwili.

Kuna wakala hapa Moshi anataka laki nane aniunganishe na ufadhili. Nimlipe?

Usimpe hata shilingi. Chevening na Fulbright, ufadhili wa Marekani, hazitozi ada ya maombi, na hakuna wakala mwenye nafasi za kuuza. Kama ameshika cheti chako halisi, kakichukue leo. Kama umeshalipa, nenda polisi na ujumbe wa muamala. Watu hawa wanaendelea kula fedha za vijana kwa sababu waliotapeliwa wanaona aibu kusema. Na ninyi mlioko redioni Kilimanjaro, hiyo ni habari. Ifuatilieni.

Siku hizi kila kitu kipo YouTube. Waandishi wakongwe na maprofesa wa huko watanifundisha nini zaidi? (Majengo, Moshi)

Watakurudishia kazi yako. Video haikuulizi: nani kakwambia? Ulimwona mwenyewe? Upande wa pili umewapigia? Mwandishi aliyezeeka mahakamani anaona mara moja mahali ulipoandika uvumi kama ukweli, na hakuachii mpaka urekebishe. Msomi naye anakuuliza jambo jingine: habari yako inawafanyia nini watu unaowaandika?

Mfano mkubwa kuliko yote uko hapa hapa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ikikaa jengo la mikutano la AICC, ilisikiliza kesi ya vyombo vya habari, na tarehe 3 Desemba 2003 ikawatia hatiani kwa kuchochea mauaji ya kimbari ya 1994 Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, pamoja na Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio RTLM. Nahimana alikuwa msomi wa historia. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo. Wanafunzi wa ng'ambo husoma hukumu hiyo na kubishana uhuru wa kusema unaishia wapi na uchochezi unaanzia wapi. Nasikitika kukutana na vijana waliokulia Kaloleni, wenye hamu ya kwenda Ulaya kusomea kazi hii, ambao hawajawahi kuisikia.

Na mahakama hazijaondoka. Tunayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tunayo Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo Machi 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Shauri hilo lilihusu kazi yenu wenyewe! Ingieni, kaeni, sikilizeni, andikeni. Ukisafiri hujaripoti hata shauri moja, hao wakongwe watakurudishia nini?

Binti yangu anataka kusomea uandishi Uingereza. Niuze sehemu ya kihamba, shamba letu la ukoo? (Mzazi, Machame)

Shikamoo mzee wangu. Usiuze. Shahada ya kwanza aisome Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Mtakatifu Augustino, Mwanza, na likizo zote akafanye kazi kwenye chumba cha habari. Baada ya hapo aombe ufadhili wa uzamili akiwa na kazi za kuonyesha. Tena nje si Ulaya peke yake: Aga Khan wana shule ya uzamili ya habari Nairobi, ukivuka Namanga tu umefika. Kihamba kikishauzwa hakirudi, na mshahara wa mwandishi anayeanza hautakikomboa. Naomba umwonyeshe jibu hili, asije akadhani ni wewe unayemkatalia.

Nina miaka saba redioni, sina shahada. Nimechelewa?

Hapana. Ufadhili wa Nieman pale Harvard, ulioanza 1938, haudai shahada. Unadai angalau miaka mitano ya kazi ya habari.

Nikirudi, shahada yangu itatambulika?

Peleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Afadhali uwaulize kabla ya kuondoka kama chuo chenyewe kinatambulika.

Kazi zangu zote ni za Kiswahili. Nitume nini?

Tuma hizo hizo, na tafsiri kando yake. Tafsiri uifanye mwenyewe au umpe mtu anayejua lugha zote mbili, kisha uipitie neno kwa neno ukiangalia majina, tarehe na nukuu. Chagua tatu ulizotoka ofisini kuzitafuta. Taarifa za semina za wakuu wa idara ziache nyumbani.