Kanisa la Kristo "ni" Kanisa Katoliki, au "limo" katika Kanisa Katoliki?

SWALI: Padre, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista, nafundisha wakatekumeni watu wazima, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Nina vijitabu viwili vya mafundisho. Cha kwanza kinasema: "Kanisa la Kristo ni Kanisa Katoliki." Cha pili, kikitaja Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano (mkutano wa maaskofu wa dunia nzima, 1962–1965), kinasema: "Kanisa la Kristo limo katika Kanisa Katoliki." Mwanafunzi mmoja akaniuliza kama Mtaguso ulibadilisha mafundisho, nikakosa la kumjibu. Kipi ni sahihi, na nifundishe vipi?

JIBU: Milele, Amina. Mwalimu, mwanafunzi wako ameshika penyewe. Kitenzi hicho kimoja kimejadiliwa na wanateolojia tangu 1964 mpaka leo, na kila anayefundisha juu ya Kanisa lazima siku moja akutane nacho.

Tuanze na hilo "limo", maana ndilo linalokuponza. Ukisema kalamu imo mkobani, mkoba ni kitu kingine na kalamu ni kitu kingine. Kesho kalamu itakuwa mezani na mkoba utabaki mkoba. Vivyo hivyo anayesoma "limo katika Kanisa Katoliki" ataelewa kwamba Kanisa Katoliki ni chombo tu, na kwamba kilichomo humo huenda kimo na kwingineko kwa kiasi kilekile. Kilatini cha Mtaguso hakisemi hivyo. Lumen Gentium, hati ya Mtaguso juu ya Kanisa, katika namba 8 imeandika subsistit in, na kitenzi subsistere ni kusimama imara, kubaki, kudumu pasipo kupotea. Mimi darasani husema "linadumu katika Kanisa Katoliki", kisha naongeza "kwa utimilifu wake", kwa kuwa "kudumu" kwetu kunabeba habari ya muda tu, hakubebi habari ya ukamilifu.

Neno hilo lilipatikanaje? Rasimu iliyokuwa mbele ya maaskofu mwaka 1963 ilisema est, yaani "ni". Ndivyo alivyofundisha Papa Pius XII katika waraka wake Mystici Corporis wa 1943, na akarudia mwaka 1950: Mwili wa Fumbo wa Kristo na Kanisa Katoliki la Roma ni kitu kimoja. Kamati ndogo ikapendekeza adest in, yaani "lipo katika". Novemba 1963, ndani ya tume ya mafundisho, likatolewa pendekezo la subsistit in, na aliyelitoa ni Mjesuiti Sebastian Tromp, yuleyule aliyemsaidia Pius XII kuandaa Mystici Corporis. Jambo hili nakuomba ulikumbuke vizuri. Tromp hakuwa mtu wa kulegeza mafundisho. "Lipo" lilikuwa dhaifu mno kwake. Kwa hiyo anayesema kwamba neno hili liliingizwa ili kulifanya Kanisa Katoliki liwe moja kati ya mengi yaliyo sawa, historia yenyewe haimsaidii.

Basi kwa nini "ni" haikuachwa mahali pake? Maaskofu walielezwa kwamba neno jipya linapatana vizuri zaidi na maneno yanayofuata katika sentensi ileile: kwamba nje ya muundo unaoonekana wa Kanisa Katoliki kuna mambo mengi ya utakatifu na ya ukweli, ambayo ni mali ya Kanisa la Kristo na yanasukuma kuelekea umoja. Mprotestanti aliyebatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu amebatizwa kweli, wala akija kwetu hatumbatizi tena. Waorthodoksi wana maaskofu walio waandamizi wa mitume na wana Ekaristi halali. Hati juu ya umoja wa Wakristo, iliyotolewa siku moja na Lumen Gentium, 21 Novemba 1964, inasema katika namba 15 kwamba kwa kuadhimisha Ekaristi katika kila moja ya Makanisa hayo, Kanisa la Mungu linajengwa na kukua. Ukisema "ni" halafu ukaweka nukta, hayo yote unayaweka wapi?

Hapa ndipo penye mzizi wa swali lako. Kitenzi unachokichagua kinategemea unalionaje Kanisa. Kwa karne nyingi baada ya Mtaguso wa Trento, wengi walifuata fasili ya mwanateolojia Mtakatifu Roberto Bellarmino: Kanisa ni jamii ya watu waliounganishwa kwa kukiri imani ileile, kwa sakramenti zilezile, na chini ya wachungaji halali, hasa Papa, jamii inayoonekana kama vile ufalme wa Ufaransa au jamhuri ya Venice. Fasili hiyo ina nguvu yake, kwani inalinda ukweli kwamba Kanisa si wazo la mawinguni. Lakini ndani ya picha hiyo mtu yuko ndani au yuko nje, basi. Haina ngazi.

Mtaguso haukuitupa picha hiyo, ila haukuiacha itawale peke yake. Sura ya kwanza ya Lumen Gentium inaanza na Kanisa kama fumbo, kama sakramenti, yaani ishara na chombo cha kuungana na Mungu. Ya pili inahusu Taifa la Mungu. Uongozi wa maaskofu unakuja katika ya tatu. Ukilitazama Kanisa kama ushirika, mara moja unapata nafasi ya kusema "ushirika kamili" na "ushirika usio kamili". Ubatizo ni kifungo cha kweli hata pale ambapo vifungo vingine vimekatika.

Mwaka 2007 idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilijibu swali kama lako. Ilisema Mtaguso haukubadilisha mafundisho juu ya Kanisa, bali uliyaeleza kwa kina zaidi. "Kudumu" husemwa juu ya Kanisa Katoliki peke yake. Juu ya Makanisa na jumuiya nyingine za Kikristo yafaa kusema kwamba Kanisa la Kristo lipo humo na linatenda kazi humo. Ona lugha yetu inavyokusaidia: linadumu huku, lipo na linatenda kule.

Kijitabu cha kwanza, basi, hakijakosea, ila kimesema nusu. Cha pili kilikusudia vema, lakini futa "limo" uandike "linadumu kwa utimilifu". Na usiwaache wanafunzi wadhani kwamba kuwa ndani kunatosha: namba 14 ya Lumen Gentium inaonya kwamba Mkatoliki asiyedumu katika mapendo haokoki, kwa kuwa amebaki Kanisani kwa mwili tu, si kwa moyo.

Siku utakapofundisha somo hili, anza na wao wenyewe. Kwa fasili ya Bellarmino, mkatekumeni bado hahesabiwi kuwa mwanakanisa, kwa kuwa hajapokea sakramenti. Wasomee mwisho wa namba 14 hiyohiyo: kwa nia yao hiyo tu ya kutaka kuingizwa katika Kanisa, wameshaunganika nalo, na Mama Kanisa ameshawakumbatia kama walio wake.