Uandike nini kwenye ratiba ya milo

Ndugu, kwa semina yenye wageni wa Nairobi, Dar na Unguja, usiandike "chai" peke yake. Dar, kunywa chai asubuhi ni mlo: chapati, mihogo ya kuchemsha, hata supu. Nairobi, chai ya saa nne ni kikombe na andazi, maana mtu ameshakula nyumbani. Andika "kifungua kinywa, saa 1:30 asubuhi". Anayesema kiamshakinywa ataelewa, na mzee wa staftahi pia. Chamcha (chakula cha mchana) na chajio (chakula cha jioni) ziache: vijana wa Kenya huzijua toka darasani, wazee wengi wa Dar hapana. Semina ikiangukia Ramadhani, andika "futari", tende na uji viwe mezani kabla ya magharibi. Ukiandika "chakula cha jioni", mpishi atapakua saa mbili.