Re: Faiba inayotikisika, picha ya 3D inatoka mbilimbili
Habari mkuu, nimekusoma, unasema piezo (kipande kinachotikisika kikipewa umeme) inatikisa faiba (uzi wa glasi unaopitisha mwanga) ili mwanga wa leza uchore picha, leza inawaka ila kila nukta inatokea mara mbili, moja ikienda moja ikirudi. Usiguse programu yote, anza na taimingi, yaani leza inawaka wakati gani, maana faiba ikiwa kwenye rezonansi (kasi yake ya asili, inapotikisika zaidi) ncha yake inachelewa nyuma ya piezo kwa robo mzunguko, sasa leza ikifuata piezo lazima picha ipasuke. Icheleweshe leza hiyo robo halafu sogeza kidogokidogo mpaka nukta zikutane. Alafu pima kipande cha faiba kinachotokeza nje ya piezo, faiba ya glasi yenye unene wa maikroni 125 ikitokeza milimita 10 inacheza kama mara 1000 kwa sekunde, ikitokeza milimita 20 inashuka mpaka mara 250 hivi! Gundi inayoshika faiba ikilegea nayo inavuruga, mi nabana kwa epoksi (gundi inayokauka ngumu) inatulia kabisa.