Mume wangu amejaza gereji pombe, anasema ni akiba ya dharura

Shikamoo Shangazi. Tunaishi Houston, Texas, mimi na mume wangu, watoto wetu wawili na shemeji yangu, mdogo wake mume. Tangu umeme ulipokatika Februari 2021, na tena kimbunga Beryl kilipotupiga Julai 2024, mume wangu ananunua vodka na wiski na kuzipanga gerejini. Zimefika katoni 9, nyingi ni zile chupa kubwa za lita 1.75. Yeye mwenyewe si mnywaji. Anasema siku mambo yakiharibika pesa itakuwa karatasi, ila pombe tutabadilishana na mafuta, chakula, hata dawa. Mwezi uliopita alitumia dola 400 na bima ya gari haijalipwa. Kinachoniumiza zaidi ni shemeji. Ameacha pombe miezi 8 sasa, na kila asubuhi anapita hapo kuchukua vifaa vyake vya kazi. Nikisema, naambiwa sielewi mambo. Je, mimi ndiye mjinga? – Mama Wawili, Houston

Marahaba mwanangu. Mjinga si wewe, na mumeo naye si mjinga. Mtu aliyelala na watoto kwenye baridi bila umeme lazima atafute namna ya kutokukutwa tena mikono mitupu. Ila ameandaa akiba ya janga jingine, siyo lile lililomkuta.

Pombe kutumika kama pesa ni jambo la kweli. Koloni la New South Wales huko Australia, mwishoni mwa karne ya 18, watu walilipwa ujira kwa ramu kwa sababu sarafu zilikuwa haba. Mwaka 1998 walimu wa Altai nchini Urusi walilipwa vodka badala ya mishahara. Lakini hapo kilichokosekana kilikuwa pesa, kwa miezi na miaka, na watu walipata muda wa kuzoea chupa ina thamani gani. Baada ya Beryl, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme, na shida ilikuwa ya siku, siyo ya miaka. Katika siku hizo jirani mwenye petroli anaitaka yeye mwenyewe kwa jenereta yake. Mwenye insulini haiachi kwa chupa ya wiski. Anayeitaka chupa kwa haraka kwa kawaida ndiye asiye na cha kukupa.

Tena chupa ya lita 1.75 haina chenji. Ukitaka paketi ya betri, utampimia mtu kiasi gani? Ukishakata sili, thamani imekwisha, kwa sababu mtu mwenye akili hapokei pombe iliyofunguliwa. Sisi wa Afrika Mashariki tunajua kwa nini: Mei 2014 makumi ya watu walikufa Kenya kwa pombe iliyochanganywa na methanoli, alkoholi yenye sumu, na methanoli huitambui kwa macho wala kwa ulimi.

Sasa gereji. Pombe ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 26 hivi, na gereji ya Houston mwezi wa Agosti hupita hapo kila siku. Chupa nzima iliyofungwa haina neno. Hatari ni katoni ikianguka au kizibo kikivuja karibu na hita ya maji ya gesi, ambayo katika nyumba nyingi za huko imewekwa gerejini humohumo. Katoni 9 za chupa 6 zenye ujazo huo ni lita 94 na ushee. Nenda leo ukaangalie hita iko hatua ngapi kutoka hapo.

Atakwambia pia kwamba vodka itasafisha vidonda. Dawa ya kutakasa mikono inatakiwa iwe na alkoholi asilimia 60 au zaidi, vodka ya 40 haifiki. Kidonda nacho huoshwa kwa maji safi yanayotiririka, na sabuni pembeni ya jeraha.

Kuna sheria vilevile. Texas inakataza kuweka pombe kwa nia ya kuiuza bila kibali, na msitegemee kwamba kubadilishana na mali kutahesabiwa kuwa zawadi. Wakati wa janga gavana ana mamlaka ya kuzuia uuzaji na usafirishaji wa pombe. Kama makaratasi yenu ya uhamiaji bado yanashughulikiwa, kesi ndogo tu itawagharimu kuliko katoni zote hizo.

Na nani atakuja kubisha saa sita usiku, siku ya pili maduka yakiwa yamefungwa? Mara nyingi ni mtu ambaye mwili umeshazoea kileo. Akikikosa ghafla hutetemeka, na ndani ya siku mbili hivi anaweza kuanguka kifafa. Huyo anahitaji hospitali. Ukimpa chupa moja amejua zilipo nyingine, na watoto wako wamelala chumba cha pili.

Shemeji ndiye ninayemwazia zaidi. Miezi 8 ni kazi kubwa anayoifanya kila siku, na mnamlazimisha kuifanya mbele ya chupa 54. Kufuli haitoshi, maana dhiki hiyohiyo mnayoiandalia, giza, joto, kazi kusimama, ndiyo humrudisha mtu kwenye pombe. Kwa nyumba yako jibu langu ni sifuri: pombe yote itoke. Msiiuze. Wagawieni watu wazima mnaowaamini na wasio na shida ya pombe, wala zisiwekwe kwenye stoo za kukodi, ambazo nazo ni joto tupu. Shemeji mwulizeni ana kwa ana anaonaje. Huenda amenyamaza kwa kuwa anakula kwenu.

Msomaji mwingine asiye na mtu wa namna hiyo nyumbani, akitaka lazima, katoni moja ya chupa 12 za mililita 375 inatosha: vodka au wiski ya kawaida, kizibo cha kusokota, chupa zisimame wima kwenye kabati lenye giza ndani ya nyumba. Zikilazwa, pombe kali hula kizibo cha gome. Bia huchuja ladha ndani ya miezi, na likea ya krimu, kile kileo kitamu chenye maziwa, huharibika.

Zile dola 400 zingefanya nini? Maji kwanza: galoni 1 kwa mtu kwa siku, watu 5, siku 14, ni galoni 70. Anzeni na za siku 3, yaani 15, mkiongeza kila mshahara. Kisha jiki isiyo na harufu ya asilimia 5 hadi 6: matone 8 kwa galoni ya maji maangavu, koroga, subiri dakika 30. Jiki hupungua nguvu, ibadilisheni kila mwaka. Hiyo ndiyo bidhaa ambayo jirani ataitaka kweli bomba likipasuka. Wekeni dola 150 au 200 za noti ndogo, za 1, 5 na 10, maana umeme ukikatika mashine za kadi hazisomi na duka halina chenji. Dawa za kila siku za wiki mbili mbele. King'ora cha kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu, chenye betri, kwani Februari 2021 familia za Texas ziliuawa na moshi wa magari na majiko zikijipasha joto. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka dirishani.

Usimwendee mumeo na neno "upuuzi". Chukua karatasi, mkae, mwambie: "Baba watoto, ile wiki ya 2021 tulikosa nini, siku kwa siku?" Aandike yeye. Maji yatakuwamo, na joto, na chaji ya simu. Kisha muulize ni kipi kati ya hivyo kingepatikana kwa chupa. Mpe yeye kazi ya kusimamia akiba mpya, maana kulinda nyumba ndicho alichokuwa akikitafuta.

Bima ya gari ilipwe wiki hii, kwa sababu kimbunga kikija mtaondoka kwa gari hilohilo. Na vifaa vya shemeji vihamishiwe karibu na mlango wa mbele usiku wa leo, kabla hata hamjakubaliana mengine.